Kichwa cha Mikono Miwili

Ukitaka kujua nani kaachwa, nani karudiwa na nani anajidai hajaachwa, njoo sebuleni kwangu asubuhi. Ndiyo saluni yangu hiyo. Kiti cha kusukia kiko katikati, kioo ukutani, na pembeni kuna benchi refu ambalo sijawahi kuliona tupu. Wengine huja kusukwa, wengine huja kusikia. Jirani yangu tunayemwita Redio anadai huja kwa yote mawili, na nywele zake hazizidi urefu wa ukucha.

Lakini siku za mashindano ya farasi, kiti ni cha mtu mmoja tu: Singa, binti wa marehemu dada yangu. Jina hilo alilipata kwa nywele zake, zimeshuka mpaka kiunoni, nzito, laini, zinateleza mkononi kama samaki. Nywele za namna hiyo ni fahari ukiwa umesimama. Ukiwa juu ya farasi anayeruka vizuizi ni balaa. Ukiziacha wazi zinakupiga machoni. Ukizirundika utosini, helmeti haikai. Zinataka misuko miwili, wa kushoto na wa kulia, ikutane chini kabisa kisogoni, ikunjwe iwe fundo moja bapa lisilozidi ngumi ya mtoto, kisha livishwe neti. Unywele mmoja ukichomoza, waamuzi wanauona kabla hawajamwona farasi.

Mimi na dada tulizaliwa na mikono ya kusuka. Mimi nikasuka watu, yeye akasuka farasi. Usicheke, farasi wa mashindano naye husukwa: nywele za shingo zinagawanywa mafungu, kila fungu linasukwa, linakunjwa, kisha linashonwa kwa sindano butu na uzi uliopakwa nta.

"Wateja wangu hawasengenyi mtu," alikuwa akinitania.

"Ndiyo maana huna habari hata moja," nikimjibu.

Na binti yake alimsuka hivyohivyo, kama farasi. Vibanio hakuvitaka. Alilishona lile fundo kwa uzi, na akifika mwisho aliukata uzi kwa meno, tak, kama mtu anayevunja njugu. Sijaona msusi mwingine anayeshona kichwa cha mtu.

Alikufa kazini. Ilikuwa asubuhi ya mashindano, ndani ya banda la Kidosho, farasi jike aliyemlea mwenyewe tangu ni mtoto wa farasi. Alikuwa ameshamsuka farasi, ameshaushona upande wa kushoto wa kichwa cha mwanawe, yuko katikati ya kulia. Akasema, "Ngoja kidogo, mwanangu," akakaa kwenye majani makavu. Watu wakadhani kizunguzungu. Wakamkimbiza hospitali. Huku nyuma Singa anaitwa uwanjani, nywele nusu zimening'inia, na Kocha wake, kwa nia njema kabisa, akaukamata ule upande wa kulia akaumalizia kwa mpira na vibanio.

"Nenda," akamwambia. "Mama akiamka akute umeshinda."

Akaenda, akashinda. Aliposhuka kwenye farasi, mama alikuwa hayupo tena.

Sasa, sisi wasusi tuna mwiko wetu: kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja hakimaliziwi na mwingine. Aliyeanza akiondoka, unafumua chote, unaanza upya. Wateja wanaona tunawapotezea muda. Kocha angeujulia wapi mwiko huo? Yeye anajua kwato na hatamu. Msiba ulipokwisha nilizifumua nywele zile mwenyewe, nikamwosha kichwa, nikajua yamekwisha.

Singa aliporudi mashindanoni nilimsuka mimi, hapahapa sebuleni, kwa vibanio vyangu, huku benchi zima likitoa ushauri. Nikamfunga skafu, tukapanda gari la baba yake mpaka uwanjani. Kabla ya kuvaa helmeti aliingia peke yake bandani kumsalimia Kidosho. Alipotoka nikamvua skafu ili ninyooshe neti.

Kidole changu kikagusa nta.

Upande wa kushoto ulikuwa wangu, vibanio vyote mahali pake. Upande wa kulia ulikuwa umeshonwa. Mishono midogo, sawasawa, imeinamia upande kama maandishi ya mtu wa mkono wa kushoto, na dada alikuwa mashoto. Vibanio vyangu vya upande huo vilikuwa vimechomekwa kwenye mkono wa koti la Singa, kimoja baada ya kimoja, kama mtu aliyeviweka pembeni asije akavipoteza.

"Nani kakushona?"

Singa akaniangalia bila kupepesa. "Si unamjua, mama mdogo."

Nikacheka, kicheko kile cha kukohoa. Nikachungulia bandani. Hamkuwa na mtu. Kidosho alikuwa ameinamisha shingo mpaka chini, ametulia, kama mteja anayengoja kitana.

Sikumwambia mtu. Na kumbuka, mimi ni mwanamke ambaye siri haikai kwangu hata ukiiwekea kiti.

Ikawa hivyo kila mashindano. Nasuka kwangu, anaingia bandani, anatoka ameshonwa kulia. Sikuwahi kuthubutu kuuchunguza uzi ule. Nilikuwa nanyoosha neti juujuu huku nimeangalia pembeni, kama unavyopita mbele ya mbwa wa watu. Ila kitu kimoja sikuweza kutokukiona: kila safari ulikuwa unakazwa zaidi. Ngozi ya kipaji upande wa kulia ilivutika mpaka jicho likapanda. Singa alirudi nyumbani ameshika kichwa, akinywa dawa za maumivu, vipele vyekundu vimemtoka kwenye maotea ya nywele.

Redio aliviona. "Msusi, unamsuka mtoto wa watu au unamchuna?"

"Nywele nzito zinataka mkono mzito," nikamjibu. Uongo mtupu, na mkono wangu unasifika kwa wepesi.

Kisha likaja shindano ambalo nusura tumzike. Kidosho alikuwa anakaribia kizuizi kirefu, mbio zake nzuri, mara helmeti ya Singa ikainuka nyuma na kumfunika macho. Ule upande wa kulia wa fundo ulikuwa umechomoka na kupanda juu ndani ya kofia. Mtoto haoni, kizuizi hicho mbele. Kilichomwokoa ni farasi: alisimama ghafla, miguu ikachimba udongo, Singa akabaki ananing'inia shingoni kama nguo kwenye kamba.

Baba yake hakupiga kelele. Shemeji yangu ni mtu mpole, na mpole akikasirika anaongea polepole. Alikuja sebuleni kwangu jioni ileile, Singa ameshakaa kitini na neti bado kichwani, watu wakasogea bila kuombwa.

"Shemeji, nimeshazika mke. Ikitokea tena mara moja tu, farasi anaondoka, na nywele hizi nazinyoa mwenyewe kwa mashine."

"Usininyoe, baba!" Singa aliruka kwenye kiti. "Ukininyoa atanijuaje?"

"Nani?"

Redio akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Baba yake alipoondoka niliwafukuza wote, jambo ambalo nyumba yangu haijalizoea. Nikafunga mlango. Nikamkalisha Singa, nikamvua neti, na safari hii niliuangalia uzi. Niliufuata kwa kidole, mshono kwa mshono, mpaka mwisho, pale fundo la kumalizia linapotakiwa kuwa. Halikuwepo. Uzi ulikuwa umekatwa kabla yake, ncha imenyooka kama imepimwa kwa rula.

Dada alikata kwa meno. Ncha zake zilikuwa na nyuzinyuzi, zimelowana. Hii ilikuwa kazi ya mkasi.

"Singa. Nani kaukata huu uzi?"

Akaangalia mikono yake.

"Mwanangu, nusura uvunjike shingo. Nani?"

"Mimi."

"Mara hii tu?"

"Kila mara." Sauti ikawa ndogo. "Akianza kufunga lile fundo la mwisho nausikia uzi unazunguka. Natoa mfukoni mkasi wa nyuzi za Kidosho, naukata. Halafu anaondoka."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Akimaliza atarudi kufanya nini?"

Nimesikia mengi kwenye kiti kile, wanawake wamenililia pale mpaka taulo zikaisha, lakini swali hilo lilinikalisha. Kwa sababu hata mimi, sikufichi, nilikuwa naisubiri harufu ya ile nta. Kila mashindano nilikuwa nasimama karibu na mlango wa banda zaidi ya inavyohitajika.

"Na anavyokukaza?"

"Nafikiri anadhani haishiki." Machozi yakaanza. "Kila akija anakuta kazi haikushika, anaivuta zaidi. Hajui ni mimi."

Nikamwona dada yangu kichwani, amesimama mahali nisipopajua, sindano mkononi, anajilaumu. Dada ambaye hakuwahi kurudishiwa kichwa hata kimoja na farasi wala mtu. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamfanyisha kazi isiyokwisha.

"Huo si upendo, Singa, ni kifungo," nikasema. "Umemfunga yeye, na mwisho wake wewe utakuwa chini ya farasi."

"Kwa hiyo nimfukuze?"

"Hapana. Mwache amalize. Lakini uamuzi ni wako. Mkasi uko mfukoni mwako, sio mwangu."

Aliufunika mfuko ule kwa kiganja, akaenda zake.

Asubuhi ya mashindano nyumba ilijaa mpaka kizingitini. Nikachana nywele, nikazigawa katikati, nikausuka upande wa kushoto na kuukunja. Vibanio niliviacha kwenye kopo. Nilichukua sindano butu na uzi wa dada, nikaushona kama alivyokuwa akishona yeye, kwa mishono mibaya ya mwanafunzi. Upande wa kulia nikauchana tu, nikauacha umwagike.

"Leo umeishiwa mikono?" Redio akauliza.

"Leo nina msaidizi."

Shemeji alipomwona binti yake nusu kasukwa nusu mwendawazimu, akasimama. "Hii ni nini? Tunakwenda kuchekwa?"

"Shemeji, endesha gari."

Uwanjani Singa akaingia bandani, nikafunga mlango nikauegemea kwa mgongo. Ndani nilimsikia Kidosho akipumua kwa nguvu mara moja, kisha akatulia. Kisha nyasi zikakandamizwa. Singa alikuwa amesimama upande wa kushoto, nilimwona vyema kupitia upenyo wa mbao. Nyasi zilikuwa zinakandamizwa nyuma yake.

Niliondoa jicho langu pale upenyoni. Kuna vitu hata mimi sitaki kuvijua wa kwanza.

Jina lake likaitwa kwenye kipaza sauti. Kocha akaja mbio. "Yuko wapi? Zamu yake!"

"Anasukwa."

"Na nani, nawe uko hapa?" Akachungulia upenyoni pembeni yangu, akaona nywele zimening'inia. "Ah! Nipishe, nazifunga mpira haraka, kama siku ile..."

Akajiondoa pale upenyoni. Sijui alikuwa ameona nini pale ndani, au alikumbuka tu. Nilimshika kifua kwa kiganja.

"Siku ile ulimalizia kazi ya mtu, Kocha. Leo mwache mwenyewe."

Kocha ni mtu mkubwa, anavuta farasi dume kwa mkono mmoja. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akavua kofia.

Wakaita mara ya pili. Ndani, uzi ulikuwa unapita kwenye nywele. Ni sauti ndogo, lakini mimi ningeitambua hata sokoni. Kisha ukaacha. Nikajua wamefika kwenye fundo la mwisho. Nikasikia mkono wa Singa ukiingia mfukoni, vyuma vikigongana.

Nilikuwa nimeshamwambia uamuzi ni wake, na kumbe nilikuwa namwombea Mungu aukate, nami nipate walau asubuhi nyingine moja.

Mkasi ukaanguka kwenye nyasi.

Tak.

Kidosho alilia, mlio mrefu ambao sikuwahi kuusikia kwake. Mlango ukasukumwa, Singa akatoka. Macho mekundu, uso umelegea, jicho halikupanda. Niligusa kipaji chake cha kulia: ngozi imetulia, hakuna panapovuta. Fundo lilikaa kisogoni bapa, imara. Upande wangu ulionekana kama wa mtoto anayejifunza. Upande wa pili hakukuwa na cha kurekebisha.

"Kasema nini?" nikanong'ona.

"Hakusema." Akavaa helmeti. "Kanipiga begani, vile alivyokuwa akimpiga Kidosho akimaliza."

Akaruka vizuizi vyote. Kimoja aliangusha mti wa juu, hakupata nafasi ya ushindi, na baba yake alishangilia mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu ile kofia haikusogea hata kidogo.

Jioni nyumba ilijaa tena, watu wamekuja kusikia. Singa akapita katikati yao, akakaa kwenye kiti, akanipa kisogo.

"Mama mdogo, fumua."

"Ukitaka kukaa nazo mpaka kesho..."

"Zikilala zimeshonwa zinakatika. Mama alisema. Fumua."

Nikaanza na upande wangu, ukaachia mara moja. Nikaja kulia. Nikaitafuta ncha ya uzi: ilikuwa na nyuzinyuzi, na bado imelowana. Benchi zima likainua shingo, hata Redio. Nikakata, nikauvuta uzi pole pole, nywele zikamwagika mgongoni kwake.

Za kushoto zilikuwa baridi kwa upepo wa jioni. Nilizikusanya za kulia nikazishika kwa mikono miwili, nikazishikilia hivyo, maana zilikuwa na joto, na lile joto lilikuwa linaondoka.