Spana za Hareshbhai

Siku ambayo Hareshbhai hakuja kazini, mashine kubwa ilikutwa baridi.

Haikuwa imewahi kutokea. Kila asubuhi, watu wa zamu ya kwanza walipoingia kile kiwanda kidogo cha plastiki kilichoko kando ya barabara iendayo Mumias, joto liliwapokea mlangoni kama mtu aliyefunuliwa sufuria ya obusuma, ugali wa moto, usoni. Fundi wao Mhindi, Hareshbhai, alikuwa ameshafika kabla yao, amewasha mikanda ya kupasha mashine, na ameketi akinywa chai ya tangawizi. Alikuwa akiwasalimu "Mulembe!" kwa Kiluhya, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Ikolomani, ingawa alizaliwa Rajkot, India. Asubuhi hiyo palikuwa na ubaridi wa mvua tu.

"Bhai amepitiwa na usingizi leo," Titus Wekesa alisema akicheka. Titus alikuwa kijana mwenye cheti cha politekniki, na mzaha haukumtoka mdomoni.

Jescah Khalayi hakucheka. Aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, akakiondoa, akakiweka tena. Aliizunguka. Alikwenda mpaka getini, akatazama barabara, akarudi. Kabla ya chai ya saa nne habari zilifika: mtumishi wa nyumbani kwa fundi, mtaa wa Amalemba, alibisha, akabisha, mwishowe mlango ukavunjwa. Hareshbhai alikuwa amekufa usingizini.

Mashine ile ilikuwa ikitengeneza viti. Vile vyeupe visivyo na mikono, vinavyopakiwa kwenye pikapu pamoja na mahema kila Alhamisi, kwa kuwa Kakamega nzima huzika Ijumaa na Jumamosi. Chengachenga za plastiki huyeyushwa, zikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kalibu ikafunguka, kiti kikatoka. Ukisikia hivyo utadhani ni kama kukaanga mandazi. Lakini joto likipungua kidogo, kiti kinatoka kimekatika mguu. Likizidi, kinatoka na madoa, na mwenye mwili akikikalia kinampasukia. Hareshbhai aliyajua hayo kwa kusikiliza mlio wa mashine. Kazi ya Jescah ilikuwa kutoa viti na kukata mabaki ya pembeni kwa kisu, lakini mzee alikuwa ameanza kumfundisha kuitega mashine yenyewe, kubadilisha kalibu, kupanga joto. Mzee akiwa amesimama nyuma yake, Jescah aliweza. Mzee akienda tu kujisaidia, mkono wa Jescah ulisita hewani.

"Wewe naogopa nini?" Hareshbhai alikuwa akimwambia. "Hii hapana simba. Kwetu Rajkot, mtaa moja, mashine hapa, mashine hapa, mashine pale. Mtu? Hapana! Kijana nataka simu tu. Mimi kila mwezi napigiwa, rudi, rudi. Mimi nasema, ngoja kwanza huyu mama najua."

Alingoja mpaka akafa.

Walimchoma Kisumu kesho yake, kwa desturi ya kwao. Jescah alikwenda na pikapu ya kiwanda pamoja na Titus na mzee Shitanda, mtunza stoo. Watu wote walikuwa wamesimama. Jescah aliona ajabu, kwamba mtu aliyekalisha waombolezaji wa wilaya nzima hakupata mwenye kuketi kwenye msiba wake hata mmoja. Halafu moshi, halafu basi. Hapakuwa na shimo, wala udongo wa kuchota. Jescah alijikuta amekunja ngumi kana kwamba ameshika donge la udongo, na hakujua alitupe wapi.

Tangu hapo hakutulia. Akiketi, anasimama. Akienda kisimani, anafika bila ndoo. Alikuwa akiishi kwa mama yake huko Bukura, yeye na binti yake Mitchel.

"Hata baba yako hukumlilia hivi," mama yake, Emily, alimwambia.

"Baba alizikwa, mama. Nilimwona akiingia."

"Na huyu?"

"Huyu sijui yuko wapi."

Mama alichambua mboga zake. Baadaye akasema, "Kunywa chai," na hilo likawa jibu.

Wiki hiyohiyo mwenye kiwanda aliwaita uani. Aliitwa Pravin, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mtu wa maneno machache na miguu isiyokaa mahali pamoja.

"Nimepiga simu kule walikotengeneza mashine," alisema. "Nimeomba fundi mwingine. Wanasema hawana."

"India hawana fundi?" Moraa alishangaa. Huyu alikuwa mfungaji wa mizigo, Mkisii mwenye sauti ya sokoni. "India hiyohiyo ya watu wengi?"

"Hiyohiyo. Kila siku vinafunguliwa viwanda vingi kuliko watu wa kuviendesha. Huyo niliyeongea naye ana mashine tatu mpya, zimesimama. Aliniuliza kama mimi ninaye wa kumpa!"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza walipoona yeye hacheki.

"Wamesema tupeleke mtu wetu, wao watamfundisha. Kuna chuo, na alasiri anafanya kazi kiwandani kwao. Nikimpata mtu, nitangoja mpaka arudi. Nisipompata, mashine kubwa inakwenda Kisumu kwa binamu yangu. Hapa tutabaki na ile ndogo ya mabeseni."

Mashine ya mabeseni ilihitaji watu wanne. Waliosimama uani walikuwa thelathini na kitu. Macho yote yalimwendea Titus mwenye cheti. Jescah naye alimtazama Titus, huku moyo ukimdunda kwa jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu: kwamba aliitaka kazi ile. Aliitaka kabla mzee hajafa, na sasa aliitaka kwa namna iliyomnyima usingizi. Ila nani angempeleka India mkata mabaki?

"Basi kwanza tufungue sanduku la Bhai, tuone spana zake," Titus alisema.

"Nani afungue?" Mzee Shitanda alisonga mbele. Alikuwa Mwisukha, Mluhya wa hapohapo, wa makamo ya juu, na funguo za stoo zilining'inia kiunoni mwake. "Vitu vya marehemu haviguswi kabla ya kunyoa. Siku hiyo ya kumaliza matanga, wafiwa wakinyolewa, ndiyo tunauliza nani anashika nini. Wewe Titus hukukuzwa?"

"Mzee, Bhai alikuwa Mhindi."

"Amekula hapa, ameugua hapa, amekufa hapa. Sanduku litakaa."

Likakaa. Hata kwenye mashine yenyewe hakuna aliyethubutu kugusa vidude vyake vya kutegea. Pravin alinung'unika, lakini naye hakuligusa.

Shitanda mwenyewe hakujua atafanyaje. Siku za kunyoa huhesabiwa tangu maziko, na maziko hayakuwapo. Wengine walisema wahesabu tangu moto, wengine tangu majivu yatakapotiwa mtoni. Walibishana kila chakula cha mchana mpaka Moraa akawaambia, "Nyinyi Waluhya, mtu akifa mnamtafutia kazi nyingi kuliko alizokuwa nazo." Kisha mtoto wa marehemu akawasili kuchukua majivu, na ubishi ukaisha palepale. Kijana huyo, Chirag, alishuka kwenye gari la Pravin akiwa amenyolewa kichwa chote, ngozi inang'aa.

Shitanda alimtazama kichwani, akamgeukia Pravin. "Nani amemnyoa?"

"Ni desturi yetu. Baba akifa, mwana ananyoa."

"Kumbe!" Shitanda alipiga makofi. "Kumbe ni watu wa kunyoa, na mmetuacha tukibishana hapa kama kuku! Kesho mchana. Wote."

Walikutana uani, mvua ikiwa imeshika adabu kidogo. Safari hii viti vilipangwa, vile vya mwisho alivyovitengeneza Hareshbhai mwenyewe. Chirag aliketishwa mbele. Sanduku la spana, la bati la kijani, liliwekwa chini mbele yake. Hakujua Kiswahili, Pravin alimfasiria.

Shitanda alisimama. "Tumekuja kumaliza matanga ya ndugu yetu. Kwanza tunamwuliza mwana. Wewe ndiye mwenye haki. Utavishika vyombo vya baba yako?"

Kijana alisikiliza tafsiri, akainama. Alijibu taratibu, na Pravin akawaambia:

"Anasema anawashukuru. Anasema yeye anafanya kazi kwenye kompyuta, ofisi ya benki. Baba yake alimlilia miaka mingi aje kwenye plastiki, akakataa. Wenzake wote walikataa. Joto, kelele, zamu. Anasema hata juzi akiwa uwanja wa ndege, bosi wa zamani wa baba yake alimpigia kumpa pole, halafu akamwuliza kama anamjua fundi yeyote."

"Kwenye msiba!" Moraa alisema.

"Kwenye msiba," Pravin aliitikia.

"Mwana amekataa, tumesikia," Shitanda alisema. "Titus Wekesa. Wewe una cheti."

Titus alisimama akikuna shingo. Hakukuwa na mzaha usoni. "Mzee, nisiwadanganye. Nimepata nafasi ya Qatar. Mwezi ujao naenda. Hata wewe ungeenda."

"Mimi ningeendanga wapi na magoti haya? Keti." Shitanda aliwatazama wengine, mmoja baada ya mwingine. Watu walianza kuchunguza kucha zao. Mmoja alisema mke wake anajifungua. Mwingine akasema India wanakula majani matupu. Pravin alitazama saa mkononi, na Jescah alipomwona akaelewa kwamba mashine inakwenda Kisumu.

Alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Nipeni mimi."

Shitanda alimwita kwa upole, ule upole wa kumkatalia mtu. "Jescah, mama. Binti hashikangi vyombo vya marehemu. Unajua."

"Najua. Na wanaovishika wako wapi?"

"Mwache!" Moraa alidakia. "Ama mnataka spana zikae ndani ya sanduku mpaka zizae?"

Vicheko vilizuka. Shitanda alinyoosha mkono vikakoma. "Unaijua hiyo mashine?"

"Nusu," Jescah alisema. "Nusu nyingine bado. Mzee, nikiigusa peke yangu ninatetemeka. Lakini nataka."

Chirag alimwuliza Pravin kinachosemwa, akaambiwa. Alizungumza kwa muda. "Anasema chuo cha kule mjini kwao sasa kimejaa wasichana," Pravin alifasiri. "Wavulana hawaji, basi viwanda vinatuma mabasi vijijini kuwachukua mabinti. Anasema kama neno la mwisho ni lake, yeye hana kinyongo."

"Huko ni kwao," Shitanda alisema. Alitembea hatua chache, akarudi, akamtazama kijana mwenye kichwa kitupu, kisha Jescah mwenye nywele zilizosukwa. "Sikiliza. Vyombo vinashikwa na mtu wa nyumba ile. Na mtu wa nyumba ile siku hii ananyolewa. Nikikunyoa, wewe ni mtoto wake mbele ya hawa wote. Hutakuja kesho useme ulikuwa unajaribu. Hutarudi nusu ya njia kwa sababu chakula hakina nyama."

"Nyoa, mzee."

"Woi, na amesuka juzi tu!" Moraa alisema, lakini alikuwa ameshafika nyuma yake anaifungua misuko, vidole vikienda mbio.

Wembe ulikuwa mpya, maji ya baridi. Jescah aliketi. Shitanda alinyoa polepole kutoka paji la uso kwenda nyuma, akiimba kitu kwa Kiisukha kwa sauti ya chini. Nywele zilianguka mapajani na kwenye saruji. Kwa mara ya kwanza tangu Kisumu miguu ya Jescah haikutaka kwenda popote. Machozi yalimtoka, akayaacha. Chirag aliinuka kwenye kiti chake, akaja akachuchumaa, akaokota kishada kimoja cha nywele, akakitazama, akakiweka pamoja na vingine kwa uangalifu kama mtu anayeogopa kukosea.

Halafu Shitanda alifungua sanduku. Ndani mlikuwa na spana zilizopangwa kwa ukubwa, kipimo cha chuma, tochi, na pakiti ya biskuti iliyobaki nusu. Alimkabidhi Jescah kila kitu kimoja kimoja akikitaja kwa sauti. Alipofika kwenye biskuti alisita. "Hizi tule," akasema, na wakala, kila mmoja kipande.

Usiku ulikuwa haujaingia bado Jescah alipofika Bukura. Mitchel alimkimbilia, akasimama ghafla katikati ya ua. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwangalia kichwa.

"Nani amekufa kwetu?"

"Hareshbhai."

Jescah alimweleza yote, chuo, kiwanda, miezi, akisema haraka haraka, akirudi nyuma kusahihisha, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Mama hakumkatiza.

"Na huyu mtoto anaogopa kulala peke yake," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Basi kitanda chake kihamie chumbani kwangu. Wewe shika upande ule."

Wakakibeba usiku ulipokuwa unaingia, Mitchel akiwaelekeza pa kukiweka.

Jescah yuko Rajkot sasa. Asubuhi yuko darasani, alasiri yuko kwenye mashine, na nywele zimeanza kuota. Wenye kiwanda cha kule wameshamwuliza mara moja kama angependa kubaki, maana watu bado hawawapati. Mafunzo yanaisha Desemba, na Pravin, ambaye hajaihamisha mashine kubwa, amemkatia tiketi ya kurudi.