Kikombe cha Kumi na Tatu

Kila Jumanne saa tisa alasiri Wilma Gillanders aliteleka birika kubwa katika ukumbi wa kijiji cha Achnaskeil na kupanga vikombe kumi na viwili: saba vya wanakamati, vitano vya wafu. Wafu hao ndio waliokuwa wameandikwa kwenye ubao wa watu mashuhuri uliotundikwa juu ya meko. Walianza kuja mwaka ule mafuriko yalipofunga barabara ya chini, na kwa kuwa walivua viatu mlangoni, hakuna aliyekuwa na neno nao. Jenerali alilalamikia upepo. Mmishonari alimaliza sukari. Daktari Hector Lorimer, mtaalamu wa mimea, alikaa karibu na dirisha akiutazama mlima, skonzi yake haijaguswa.

Wilma alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyeyapaka upya rangi majina ya ubao huo kila Aprili. Chini ya jina la Lorimer aliacha nafasi ya mstari mmoja. Watu walidhani mkono wake haujanyooka.

Jumanne moja ubao ulikuwa unajadiliwa kwa mara ya mwisho. Ijumaa angekuja fundi kuyachonga majina kwenye jiwe, na jiwe haliongezwi mstari.

"Nina jina moja," alisema Wilma, birika bado mkononi.

"La bibi yako," alisema mwenyekiti, Mwalimu Murdo Farquharson. "Kila mwaka wewe na bibi yako, Wilma."

"Ubao ningeusubiri, Mwalimu. Jiwe siwezi. Nami nikifa, hakuna wa kumtaja tena."

"Huyo bibi yako Peigi alikwenda wapi?" aliuliza Ina Strachan wa posta.

"Hakwenda popote. Alikuwa na kondoo."

"Basi. Hapa tunaandika waliojulikana huko nje. Peigi kila mtu alimjua. Tumwandike asomwe na nani, kondoo?"

Wakacheka kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni tangu mwanzo: hakuna aliyewahi kuandikwa bila kuhama Achnaskeil.

Hapo Daktari Lorimer akainua mkono.

"Lile ua la buluu lenye jina langu sikuligundua mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nimeketi chini ya mwamba, mguu umeteguka. Peigi ndiye aliyepanda mpaka kwenye theluji akalileta kwenye aproni. Picha za kitabuni alizichora yeye. Mimi nilitia sahihi."

"Na hukusema?" aliuliza Wilma.

"Kule Edinburgh waliniuliza nani kaligundua. Aliyeuliza alikuwa ameshaandika jina langu."

"Huyu naye," alisema Ina. "Miaka mia yuko kimya, leo kikao kinakaribia kwisha ndiyo anaanza."

Mwalimu Murdo alimshukuru Daktari, akamwagiza katibu aandike. Katibu akaandika kwamba Daktari Lorimer alitoa maelezo. Kisha mwenyekiti akakumbusha kwamba wafu hawana kura. Wilma naye hakuwa nayo. Yeye alikuwa wa chai. Mikono sita ikainuka kumkataa Peigi. Ina aliangalia ndani ya kikombe chake.

"Basi nifuteni mimi," alisema Daktari.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu Murdo kwa upole. "Vitambaa vya vyombo vyenye ua lako vimeshachapishwa. Mia nne."

Jenerali aliomba mlango ufungwe. Wakafunga na kikao.

Wilma alikusanya vyombo akaingia jikoni. Bibi yake Peigi alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono ya gauni imekunjwa, kama kila Jumanne. Hakuna aliyemwalika. Alifika na wafu wenzake siku ile ya kwanza, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akakuta vyombo vichafu.

"Wamesemaje?"

"Vilevile, bibi."

"Hector amekula?"

"Hajagusa."

"Hata akiwa hai alikuwa hivyo hivyo. Nilimbeba mgongoni kuvuka kijito, mwepesi kama kapu tupu. Lete kitambaa, mwanangu, usisimame tu."

Wilma akachukua kimoja kati ya vile mia nne. Kilikuwa na ua la buluu, petali tano, kila mshipa umechorwa na Peigi, na chini yake: Ua la Lorimer. Peigi akakitazama kidogo, akasema waliochapa wamekosea rangi ya shina. Wilma akafutia vikombe.

Ijumaa fundi akachonga. Nafasi chini ya Lorimer aliibana, kwa kuwa jiwe lilikuwa dogo. Kazi ya Aprili ikaisha; herufi za jiwe hazipakwi.

Jumanne iliyofuata Wilma alipanga vikombe kumi na viwili. Cha kumi na tatu kilikuwa jikoni, kimepasuka ukingo, kwenye kizingiti cha dirisha. Peigi hunywa chai akiwa amesimama, wengine wakishamaliza.