Nyongeza ya Karanga Saba

Usiku wa kuamkia leo niliota mizani yangu ya jikoni imevaa miwani ya kusomea, nayo inaniita kwa jina kamili.

"Mwajabu binti Shekiondo, panda."

Nikapanda. Wiki tatu nzima nimekuwa nikihesabu kalori kama alivyonielekeza Nesia, dada wa lishe wa pale zahanati: ugali gramu mia mbili, mafuta kijiko kimoja cha chai, karanga gramu thelathini kwa siku. Nimepima kila kitu, tena kwa macho makavu. Hata nusu kilo haijashuka, na goti langu la kulia linaniuma vilevile. Mwezi ujao binti yangu Zaina anaolewa, na mimi nataka kumchezea mwanangu nikiwa nimesimama. Mama wa bibi harusi acheze amekaa kwenye kiti? Sitaki hata kulifikiria.

"Chombo kwanza," ikasema mizani, ikabonyeza kitufe cha sifuri.

Papo hapo nikawa sina uzito.

"Mbona hivi?" nikauliza, huku napanda taratibu kuelekea darini.

"Wewe ndiye chombo. Uzito wa chombo hauhesabiwi."

Lo, raha niliyoisikia! Naizunguka taa mara tatu. Goti kimya. Nacheka mpaka kilemba kinanitoka. Mume wangu anaingia na kikombe mkononi, anatazama juu, anaziona nyayo zangu.

"Mama Zaina, shuka basi, chai inapoa."

"Ina sukari?"

"Kijiko kimoja."

"Cha kufuta au cha kujaza?"

Anakificha kikombe mgongoni, na hapo nikajua ni cha kujaza.

Nikalisukuma dari, na juu yake kulikuwa na soko. Nimesimama kwenye meza yangu, ile ninayouzia karanga mwaka wa kumi na tisa sasa, kopo la kupimia mkononi. Juu ya meza gramu zimejipanga mstari, mikono nyuma.

"Tupo thelathini," ikasema ya mbele.

Mizani ikazihesabu moja moja. "Thelathini. Sahihi."

"Si nilisema?" nikajigamba, nikageuka ili majirani wasikie.

Ndipo zikatokea karanga saba zimevaa mashati mekundu. Hazikumsalimia mtu.

"Ninyi ni nani?" mizani ikauliza.

"Nyongeza."

"Siwakumbuki kwenye hesabu."

"Hatupiti kwako. Mama anapima, anakuzima, halafu anatuchota kwa vidole na kutumwaga juu."

Mizani ikavua miwani ikaifuta polepole. Sijapata kuona chombo cha betri kikihuzunika namna ile.

"Bi Mwajabu, ni kweli?"

"Kweli," nikasema. "Lakini mimi ni muuza karanga. Nikimpimia mtu kopo nikamwacha aende bila nyongeza, kesho anahamia meza ya pili."

"Huyo mteja alikuwa nani?"

"Mimi."

"Na muuzaji?"

"Mimi."

"Angehamia wapi?"

Nikageuka kuitazama meza ya pili.

"Saba kwa siku, siku ishirini na moja," ikasema mizani. "Waiteni wenzenu."

Wakaja, mia moja arobaini na saba kamili, mmoja mmoja, kila mmoja akipiga hodi kwenye ugoko wangu, akapanda, akakaa juu ya goti la kulia. Nikaanguka chini puu! Goti likashusha pumzi.

"Mwajabu," likasema, "mimi sikatai wageni. Lakini hawa wanalala kwangu wiki ya tatu sasa."

Ngoma ikalia. Soko sasa ni harusi. Zaina anakuja amependeza, hina mpaka kwenye viwiko, ananinyooshea mikono yote miwili.

"Mama, wimbo wako huu! Inuka!"

Najaribu. Goti halinyooki. Ananivuta, na naona macho yake yanaanza kulengwa na machozi. Uchungu ulinishika pale, nikasahau kwamba nabishana na karanga.

"Shukeni!" nikapiga kelele.

"Nyongeza hairudishwi," wakajibu wote kwa pamoja. "Sheria ya sokoni unaijua."

Ninaijua. Nikaigeukia mizani.

"Nipimie ishirini na tano."

"Kwa nini?"

"Saba hizi ni gramu tano. Nitazimwaga juu yake hapohapo, mbele ya macho yako. Mteja atapata nyongeza yake na wewe utapata thelathini yako."

Mizani ikavaa miwani. "Kila siku?"

"Kila siku. Na sikuzimi mpaka nimalize."

"Haya. Shukeni."

Karanga zikateremka foleni, kila moja ikilishukuru goti kwa ukarimu. Ya mwisho ilikuwa imeona joto, imevua shati na kulitandika juu ya kifuniko cha goti. Ikaondoka mbio bila shati.

"Shati lako!" nikaita.

"Utaniletea harusini!"

Nikainuka. Nacheza. Nazungusha, nashuka mpaka chini, napanda, Zaina anapiga vigelegele, mizani inapiga makofi bila mikono.

"Mama Zaina, unanipiga mateke!"

Mume wangu alikuwa ukingoni mwa kitanda, na jua limeshaingia dirishani. Nikaomba radhi. Nikafunua kanga kulitazama goti. Juu yake palikuwa na kiganda chekundu cha karanga, chepesi, kizima.

"Umekula karanga kitandani?" akauliza.

Nilikiinua kwenye mwanga, nikaona kina matundu mawili madogo ya kupitishia mikono.

Nimekifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda jikoni kupima ishirini na tano. Harusi ni mwezi ujao, na kuna mtu ananisubiri pale nimpelekee shati lake.