Mdukuzi Aliyepewa Jina la Mtani

Chumba cha Pantaleo kilikuwa juu ya duka la vitenge la Bi Moza, katika kichochoro kitokacho Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kuta zake zilizibwa kwa magodoro ili kelele za wachuuzi zisipenye, na katikati palikuwa na meza, skrini na kipaza sauti. Humo ndimo alimotafsiri tamthilia za kigeni. Picha ikitembea, yeye husema kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, mzee, binti na jambazi, wote kwa koo lile lile moja. Na pale mazungumzo ya ng'ambo yalipopoa, aliongeza chumvi yake mwenyewe. Kwa desturi ya kazi hiyo hakutazama kipindi kabla ya kukitafsiri. Alikutana nacho papo hapo kama watazamaji wake, ndiyo maana kicheko chake kilikuwa cha kweli.

Tamthilia iliyompatia sifa ilihusu wapelelezi wawili waliowinda viumbe wa sayari nyingine. Watu wa Kariakoo, hata hivyo, hawakuwajali sana wapelelezi. Walimpenda msaidizi wao, mdukuzi mwembamba mwenye miwani, aliyejifungia chini ya ardhi akivunja kompyuta za serikali, aliyefunika simu yake kwa sufuria, na aliyeapa kwamba taa za barabarani zinawahesabu wapita njia. Huyo Pantaleo alimpa jina la Athanas.

Athanas halisi alikuwa fundi simu wa Buguruni. Yeye alikuwa Mhehe na Pantaleo Mngoni, makabila yenye utani, na mtani hakasirikiwi. Hata msibani huruhusiwa kumkejeli marehemu mbele ya jeneza lake. Kwa hiyo Pantaleo hakuomba ruhusa. Alichukua jina la rafiki yake, kikohozi chake cha kutangulia kila neno zito, hata imani yake kwamba minara ya simu husikiliza usiku na mchana, akamvika mdukuzi yote hayo. Mji ukacheka.

Asubuhi ya kutafsiri kipindi cha mwisho, Athanas alipanda ngazi, akaingia bila hodi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji.

"We Mhehe, umepigwa na nani tena?" Pantaleo alimtania.

"Nijibu kwanza, Mngoni. Yule mtu wako aliungua mkono gani?"

"Wa kushoto. Alinaswa na umeme."

"Na mimi nikanaswa kesho yake. Kabla ya hapo ulisema kafukuzwa alikopanga. Mwenye nyumba akanitolea godoro nje. Ukasema mama yake hamtambui." Athanas alikohoa. "Nimempigia mama, Iringa. Kaniuliza, 'Athanas yupi?'"

Pantaleo alianza kucheka, lakini kicheko kikamwishia mdomoni. Maneno yale ya mama hayakuwamo katika tamthilia. Aliyaongeza yeye, chumvi tu.

"Wanaoitazama kwa Kiingereza wanasema leo anakufa," Athanas alisema.

"Basi nitambadilisha jina."

"Umwite nani? Utamtafutia nani jeneza? Halafu mji mzima unamjua kwa jina langu." Alisogea karibu. "Usimwue, mtani. Hilo tu."

"Picha itaonyesha amekufa."

"Picha haisemi Kiswahili."

Akasema anakwenda Magogoni kupanda pantoni, avuke kwa dada yake Klara huko Kigamboni, mbali na watu wanaomwita shujaa wa tamthilia, kisha akashuka.

Pantaleo alifunga mlango. Alikuwa ameongeza mengi katika kazi yake, lakini kifo hakuwahi kukigusa. Malezi ya misheni yalimfundisha kwamba aliyekufa husemwa amekufa. Akawasha kipaza sauti.

Jambo lilifika upesi. Mdukuzi alijifungia nyuma ya mlango wa kioo ili hewa ya sumu isiwafikie wapelelezi, akaanguka. Povu likamtoka.

"Athanas ameinama," Pantaleo alisema. "Anatafuta miwani yake."

Mpelelezi wa kike alimfumba macho.

"Anamfuta vumbi usoni."

Wakamlaza katika jeneza. Pantaleo aliendelea. "Huyo wanayemzika ni mwingine. Athanas mwenyewe yupo kwenye pantoni. Anavuka Kigamboni. Ni mzima."

Katika miaka yote ya kazi yake, midomo ya wageni haikuwahi kulingana na maneno yake. Sasa ndani ya jeneza midomo ya mdukuzi ilitikisika, ikalitamka pamoja naye kila neno: ni mzima. Kisha kifuniko kikateremshwa, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Pantaleo alichukua simu, akampigia Athanas. Mwanamke asiyemfahamu alipokea, nyuma yake injini ya pantoni ilikuwa ikinguruma.

"Mwenye simu ni ndugu yako, kaka?"

"Ndiyo, mama. Ana nini?"

"Mie sielewi. Kasema kwa sauti, 'Ni mzima,' na sauti hiyo, samahani, kama hii yako. Tangu hapo kasimama tu. Macho wazi. Hata kifua hakiendi!"

Pantaleo aliitazama skrini. Jina la mwisho lilikuwa limepita, na pakabaki weusi mtupu. Polepole akarudisha mdomo kwenye kipaza sauti.

"Athanas anavuta pumzi," alisema.

"Ahaa! Kavuta," mwanamke alisema simuni. "Alhamdulillahi."

"Anavuta nyingine." Alimeza mate, na katika ule muda wa kumeza alisikia mwanamke akipiga yowe. "Anavuta nyingine. Pantoni inatia nanga. Athanas anainua mguu wa kulia. Anainua wa kushoto. Anavuta pumzi."

Mlango uligongwa. "Pantaleo!" Bi Moza aliita. "Wali unapoa, baba. Kazi gani hiyo isiyo na mwisho?"

Hakumjibu, kwa maana jibu lingekata sentensi. Koo lilikuwa limeanza kukwaruza. Alikivuta kipaza sauti karibu zaidi.

"Athanas anavuta pumzi," alisema.