Mlango Ndani ya Tone

Ukimwuliza mtu wa Ngamiani, Tanga, miaka ile ya hamsini, angekuambia bwana harusi hajaoa kama hajapigwa picha na Shaame. Mchana kutwa studio imejaa watu, Shaame anawapanga, anawachekesha, anawanyoosha kola. Jioni anarudi kwake Makorora, anajipikia, anakula peke yake, analala. Mkewe, Time, alikuwa kwao Pemba. Aliondoka kwa hasira, na mwenye kosa alikuwa Shaame.

Kosa lenyewe lilikuwa la mdomo. Time alimwaga dawa ya kusafishia picha akidhani ni maji machafu. Shaame, badala ya kumeza mate, akasema, "Hii nyumba ni yangu, usiguse kitu." Haya basi! Mwanamke aliyemwuguza mama yako mpaka kaburini, leo unamwambia nyumba ni yako. Time alifunga mzigo wake, akapanda chombo cha kwenda Wete, Pemba. Hasira hasara, lakini umwambie nani?

Shaame hakumfuata, kiburi kilimzuia. Alijiambia kwamba siku yoyote Time ataingia, atautupa mzigo chini, ataanza kulalamikia masizi ya jikoni, na yatakwisha. Kila akirudi kutoka kazini alitazama kwanza kama kuna viatu vya kike mlangoni. Hapakuwa na kitu. Upweke ulimla mtu yule, nisiseme uongo. Ilifika mahali anazungumza na kuku wa jirani.

Masika yakaingia, bati likaanza kuvuja. Shaame akafunga ukindu mrefu, ule wa kusukia mikeka, pale palipovuja, maji yateremke taratibu hadi kwenye bakuli bila kumpigia kelele. Siku moja, amekaa hana la kufanya, akaona tone limening'inia kwenye ncha ya ukindu. Ndani ya tone mlikuwa na mlango wake wa mbele, juu chini, na mpapai wa jirani umesimama kwa kichwa. Alicheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu Time aondoke.

Basi Jumapili, studio ikifungwa, ikawa ndiyo kazi yake. Aliazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa, akakifunga mbele ya kamera, akaisogeza mpaka karibu iguse tone. Filamu alizoharibu, Mungu ndiye ajuaye. Upepo kidogo, ukindu unayumba. Akipumua vibaya, tone limeanguka. Mwisho akazungushia kaniki nyeusi pande zote, akaacha tundu moja tu upande wa mlango ili mwanga uingie. Mlango wenyewe aliuacha wazi. Yeye akajificha ndani ya kaniki kama mwali, nyuma ya kamera, asione kitu ila tone.

Jumapili moja mvua inapiga bati vibaya sana, tone likatulia kama limeambiwa. Shaame akabana pumzi, akafungua kamera. Hapo akasikia mtu anapiga hodi. Sauti ya kike; zaidi ya hapo mvua haikumruhusu kusikia. Akisema karibu, tone litaanguka. Akanyamaza. Jirani huyo, alijiambia, anataka moto. Hodi ya pili. Akanyamaza. Ya tatu. Nasi tumelelewa hivyo, ukipiga hodi tatu usijibiwe, unakwenda zako. Kwamba huenda ni Time, wazo hilo halikumpitia. Tangu lini mke akapiga hodi kwake?

Alipotoka ndani ya kaniki, mlangoni hapakuwa na mtu. Alikuwa na furaha ya picha yake tu.

Kesho yake, kwenye chumba cha giza, picha ikajitokeza kwenye karatasi. Tone safi kabisa. Ndani yake mlango, na mlangoni kitu. Akaigeuza karatasi, akachukua kile kioo cha kukuzia. Mwanamke amesimama na mzigo, mdogo kuliko punje ya mchele, bega la kushoto limeshuka kidogo. Bega hilo alilijua, la Time.

Shaame alikimbia hadi kwa jirani yake, Bi Mwatumu. "Shikamoo, Bi. Jana ulimwona Time?"

"Marahaba. Alilala kwangu, alfajiri kaondoka. Aliiona miguu yako chini ya kaniki, Shaame. Kapiga hodi tatu, miguu haikutikisika. Nilitaka kuja kukuita, akanikataza. Akasema ameshajibiwa."

"Sikujua ni yeye."

"Hayo kamwambie mwenyewe. Panda chombo, mwanangu, nenda."

Mwenye akili angekwenda. Shaame aliogopa kusimama mbele ya wakwe kwa maneno matupu; mdomo ulishamponza mara moja. Picha aliiamini zaidi. Lakini mtu wa kazi haachi kazi yake. Akaikuza ile picha, akaikuza tena, akamsimamisha Time wima, mpaka uso ukaonekana. Kingo za tone zilichafua picha, akazikata. Ikabaki picha nzuri ya mwanamke mlangoni, ananyeshewa na mvua. Akampa Jaku, mchuuzi aliyekuwa akienda Wete na kurudi. "Mpe Time. Mwambie sikumwona."

Jaku aliporudi hakutaka hata kahawa.

"Niliwakuta wazee wake wote," alisema. "Time aliitazama muda mrefu. Akasema, kumbe kaniki ilikuwa na tundu. Akasema, ameniona nimeloa, akapata na nafasi ya kunipiga picha, ila kuniambia karibu ndiko kulikomshinda."

"Hukuwaambia kwamba sikumwona?"

"Niliwaambia. Mkweo akainyanyua ile picha, akaniuliza, sasa hii kapiga nani?" Jaku aliinamisha kichwa. "Wanataka talaka, ndugu yangu."

Shaame aliinuka, akaileta ile picha ya kwanza, nzima, akamwekea mapajani. "Tazama, Jaku. Alikuwa humo. Ningemwonaje?"

Jaku aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Naona tone la maji," alisema kwa upole. "Pole sana, Shaame."