Bingwa Juu ya Mizani

Mugure alivua soksi, akavua na hereni, lakini mizani ya shirikisho la ndondi haikumhurumia. Alitakiwa asizidi kilo sitini. Alikuwa amezidi.

"Vaa nguo, dada," afisa alisema bila kuinua macho kwenye fomu. "Una saa moja upunguze."

Saa moja! Kocha Obura alimvalisha karatasi za nailoni chini ya trakisuti, akamkimbiza kuzunguka uwanja mpaka mate yakamkauka mdomoni. Alipopanda tena, mizani ilisoma sitini na mbili kamili. Afisa alipiga mstari juu ya jina lake, na nafasi ya timu ya taifa ikaenda kwa msichana ambaye Mugure alikuwa ameshampiga mara mbili.

Obura alikaa kwenye benchi, kofia mkononi. "Jana jioni sokoni ulisoma ngapi?"

"Fifty-nine na nusu, kocha. Soko nzima iliona."

Soko zima liliona kwa sababu ndivyo alivyopendwa. Ukumbi wa ndondi wa Kaptembwo hauna mizani, kwa hiyo tangu alipoanza, Mugure alipimwa kwenye mizani ya mahindi ya Thuo, dalali wa nafaka, mchana kweupe, kila mtu akitazama. Mabondia wengine hushangiliwa kwa ngumi zao. Huyu walimpenda kwa kuwa kilo zake walizilea wao. Mama wa chapati alimnyima chapati kwa miaka minne. Mama wa omena alimpa kopo moja la dagaa bure, na akiomba la pili anafokewa. Akishinda, soko lote limeshinda. Thuo naye hakulala: alichapisha fulana zenye uso wa Mugure, akawavalisha wapakiaji wake, na mkulima yeyote aliyeuliza kama mizani ni ya haki alijibiwa kwa kicheko, "Mzee, bingwa wa Kenya anajipima hapa. Wewe ni nani?"

"Mwezi wa tatu ulisoma sawa hapa na sokoni," Obura alisema. "Sasa nini imebadilika?"

Mugure hakuhitaji kufikiri sana. "Mavuno," alisema.

Aliletewa maji, akayakataa. Alichukua fomu yake mezani, akatoka, akamwita mtu wa boda.

Sokoni foleni ya wakulima kutoka Subukia ilikuwa imefika getini. Mama yake alikuwamo, na magunia matatu. Alikuwa ameondoka alfajiri auze mapema, kisha aende kumwona mwanawe akipigana. Mugure alimpita bila kusalimia. Alisukuma gunia lililokuwa kwenye mizani, akapanda yeye. Mshale ukasimama hamsini na tisa na nusu.

"Champ!" Thuo alisema. "Si ulifaa kuwa uwanjani?"

"Nimetolewa." Aliinua fomu juu. "Shirikisho imenipima saa hii. Sitini na mbili! Haya, someni hii ya Thuo inasema ngapi. Kilo mbili na nusu zangu zimeenda wapi? Na zenu je? Kila gunia la tisini mnakatwa karibu kilo nne!"

Thuo hakukasirika. Alionyesha kwa kidole karatasi ya ukaguzi iliyobandikwa kwenye mizani, akageukia watu. "Mtoto amekula chapati, sasa anatafuta wa kulaumu."

Mama wa chapati ndiye aliyecheka kwanza, kisha soko zima. Ulikuwa utani wao ule ule wa siku zote, na Mugure aliona uchungu wake kwa mara ya kwanza.

"Chekeni," alisema, akakunja mikono kifuani. "Sishuki. Hakuna gunia litapimwa hapa leo."

Akasimama. Dereva wa lori alipiga honi mara tano. Wingu lilikuwa linapanda upande wa Menengai, na watu wakaanza kufunika mahindi kwa turubai. Mzee mmoja wa mbele akasogea.

"Msichana, haya yakiloa yameoza. Shuka."

"Anawaibia, mzee!"

"Kwani ni nani alikuambia hatujui?" mzee aliuliza. "Nani mwingine atanunua?"

Hilo lilimpiga kuliko ngumi yoyote aliyowahi kula. Mama yake alikuwa amefika, kitambaa cha kichwa kimelegea, akaongea chini chini ili watu wasisikie.

"Mugure, nilikuja niuze ndio nikuone ukipigana. Hakuna kupigana tena. Wacha basi niuze."

"Si ndiyo hii napigana, mami?"

Thuo alikuwa amepiga makofi, na mizani ya pili ikaburutwa kutoka stoo. Foleni ikapinda taratibu kuielekea, gunia kwa gunia. Mama akarudi akaburuta lake la kwanza, wenzake wakampisha mbele, maana yeye ni mama wa bingwa.

Mugure aliruka chini, akawawahi. Alipanda ile ya pili. Hamsini na tisa na nusu. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyekasirika mpaka mwisho.

"Hata hii! Thuo, hata hii?"

"Mtoeni," Thuo alisema.

Wapakiaji wanne walitazamana, uso wa Mugure ukiwa kwenye fulana vifuani mwao wote. Mmoja alisema, "Pole, champ." Kisha wakamwinua mabegani, kama walivyomwinua siku alipochukua ubingwa, naye huko juu akawa anaita, fomu mkononi, "Sitini na mbili! Sitini na mbili!" mpaka nje ya geti. Watu waliokuwa barabarani, wasiojua lolote, walimwona bingwa wao, wakaanza kushangilia.

Ndani, mpimaji aliita anayefuata, na mama yake Mugure akainama kushika gunia.