Pumzi za Sauti ya Tatu

Kama kuna mtu aliyejaliwa pumzi katika mji mzima wa Bujumbura, basi ni Sami wa duka la vitambaa, na kama kuna mtu aliyejua kuisifia pumzi yake mwenyewe, ni huyohuyo Sami. Kila akipata wa kumsikiliza alisema anaweza kushika sauti moja tangu mteja anapoingia dukani mpaka anapomaliza kupimiwa kitenge, wala jasho halitamtoka. Mkewe Nura alimjibu kutoka nyuma ya meza, "Basi shika, bana, maneno yako nayo yapumzike." Watu wakacheka, na Sami akacheka pia, kwa sababu alijua kweli pumzi anayo.

Alikuwa mwanakwaya. Naam, Sami, mtoto wa Waarabu wa Oman waliofungua maduka yao hapo mjini kabla babu yake hajazaliwa, mtu wa swala tano, anaimba kwaya! Wazee wa msikitini walipomwuliza, aliwaambia si kwaya ya kanisa. Ni kundi dogo tu la watu wanaoenea sebuleni, wanaimba nyimbo za mavuno, za kubembeleza watoto, na za Kifaransa za zamani. Wazee wakaguna, wakamwacha. Ulikuwa mwaka 2000, vita imeshakula miaka saba, na watu walikuwa na mambo makubwa zaidi ya kugunia.

Mwenye kwaya alikuwa Adélaïde, mwalimu mjane wa Kinanira, kule mlimani kusini. Mazoezi yalifanyika nyumbani kwake, viti vimesukumwa ukutani. Sauti ya tatu, yaani wale wanaume wanaoimba juu, ténor kwa Kifaransa, ilikuwa na watu watatu tu. Wa kwanza ni Astère, aliyelelewa seminari. Mapadri walimfundisha noti mpaka zikamwingia damuni, na hadi leo hawezi kuimba hata wimbo wa kumlaza mwanawe bila karatasi. Wa pili ni Sami mwenyewe. Alifundishwa kasida za maulidi na babu yake, marehemu Mzee Azzan, ambaye alikuwa akimlaza chali, anamwekea jora la kitambaa tumboni, na kumwambia: imba, na jora lisitikisike. Wa tatu ni Bonfils, karani wa wizarani, kijana mrefu na mpole aliyekaa Buterere, kule bondeni kaskazini kwenye mashamba ya mpunga na mafuriko ya kila masika. Bonfils alifundishwa na nani? Hapo ndipo palipokuwa na maneno.

Adélaïde alikuwa ametunga wimbo wa kubembeleza mtoto, na mwishoni sauti ya tatu inashika noti moja, ndefu, ndefu mno, huku sauti nyingine zinashuka polepole mpaka zinalala. Hakuna kifua kinachoiweza noti ile peke yake. Kwa hiyo Adélaïde aliwaambia wapokezane pumzi: mmoja akivuta, wengine wanashika, na msikilizaji asijue nani amevuta. Astère aliweka alama yake kwa penseli. Bonfils hakuweka alama, akawa anavuta leo hapa, kesho pale. Sami hakuvuta kabisa! Alikaza shingo, akawa mwekundu kama nyanya, na kila mara akaimalizia noti kwa kukohoa. Akishapona kikohozi, lawama anamtupia Bonfils, kwamba anavuta ovyo na kumchanganya.

Adélaïde alikuwa na desturi yake. Siku ya onyesho, kabla ya kuimba, kila mmoja husimama mbele ya watu na kusema alijifunzia wapi kuimba. "Katika mji huu watu wanaulizana unatoka wapi kwa nia mbaya," alisema. "Sisi tutaulizana sauti yako imetoka wapi." Basi Alhamisi kabla ya onyesho la Jumapili, akataka wajaribu. Astère akasimulia seminari yake mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Sami akasimulia jora la Mzee Azzan, akapigiwa makofi. Ikafika zamu ya Bonfils.

"Mi nilijifunzia kwetu," Bonfils alisema. "Buterere."

"Kwa nani?" Adélaïde akauliza.

"Kwetu tu, Mama."

Hapo ndipo shetani alipomkalia Sami kwenye ulimi. "Kwetu kwa nani, sha? Kwa vyura?" akasema. "Ndiyo maana unavuta pumzi popote. Chura naye ni hivyohivyo!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Adélaïde mwenyewe alijiziba mdomo kwa mkono. Bonfils alitabasamu kidogo, akakunja karatasi yake, akachukua koti.

Sasa ujue kwamba siku za mazoezi waliokaa mbali walilala palepale kwa Adélaïde, mikeka ikitandikwa sebuleni, kwa sababu ya couvre-feu. Saa ikifika, mtu hatakiwi barabarani, na askari wa usiku hawana muda wa kuuliza maswali. Sami alilala pale, na Bonfils alilala pale, siku zote.

"Lala hapa, mwanangu, muda umekwenda," Adélaïde alimwambia.

"Apana, Mama Adélaïde. Leo nalala kwetu, pamoja na vyura." Akapanda baiskeli yake akashuka mlima.

Usiku ule bunduki zililia kaskazini. Waliolala sebuleni wote walizisikia, na mtu mmoja akanong'ona kwamba ni upande wa Buterere. Hakuna aliyemlaumu Sami. Afadhali wangemlaumu.

Ijumaa Bonfils hakufika wizarani. Sami alikwenda kuuliza mwenyewe, akaonyeshwa kiti kitupu. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa na jeshi, na nyumbani kwa kina Bonfils hapakuwa na simu. Sami akarudi dukani, akamkatia mteja kitambaa kifupi, na jioni akaketi mbele ya sahani yake asile.

"Ilikuwa utani tu, Nura," alisema.

"Utani gani huo, na mwenyewe hakucheka?"

"Nimemfukuza mimi. Wallahi, kama amekufa, ni mimi niliyemtoa kwenye mkeka akaenda kufa." Akaanza kulia palepale kwenye sahani, mtu mzima na ndevu zake.

Nura hakumbembeleza. Alisubiri anyamaze, kisha akamwambia, "Kesho wakifungua barabara, nenda. Na usinirudie na maneno, nirudie na mtu."

Jumamosi asubuhi barabara ikafunguliwa. Sami alipanda gari lake bovu la kubebea mizigo, akaenda mpaka kwenye kizuizi, na askari akamwinamia dirishani.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa ndugu yangu."

Askari akamtazama pua, akamtazama ndevu. "Ndugu yako we, Buterere?"

"Ndugu wa kuimba."

Askari alishindwa hata kukasirika. "Acha gari hapa. Urudi kabla ya jua kuwa kali, sisi hatujui kutatokea nini," alisema, na Sami akashika njia kwa miguu.

Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Milango mingine ilikuwa wazi, mingine imeungua, na sufuria imelala njiani na uji uliokauka ndani. Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya mabati yake alimwambia kwamba watu walikimbia usiku ule wa Alhamisi. Wengine wako kanisani, wengine wamejificha humo humo kwenye mpunga.

"Natafuta Bonfils, karani. Mrefu hivi."

"Jana tumezika watu," mzee akasema. "Wengine sikuwajua. Tafuta tu, Mwarabu. Imana akusaidie."

Sami alitembea mpaka kwenye tuta linalozuia maji, akapanda juu yake. Mbele yake mpunga ulikuwa umeiva, wa njano, mrefu kufika kifuani, mpaka macho yanapochoka. Hakuonekana mtu hata mmoja. Mara mojamoja alisikia mwito wa mbali, sauti ya juu inayovutwa, kisha kimya.

"Bonfils!" akaita. "Bonfils, weee!"

Mwito ule wa mbali ukakatika. Kimya kikazidi. Sami akaita tena, na ndipo akili ikamjia. Mgeni anasimama juu ya tuta anaita jina la mtu, siku mbili baada ya risasi! Nani mwenye akili ataitika? Yeye mwenyewe asingeitika. Kila alivyoita ndivyo alivyowazamisha watu zaidi kwenye mpunga, na kama Bonfils yumo, amejilaza kwenye tope akiomba mwenye sauti hiyo aondoke.

Basi angefanya nini? Akaimba. Alisimama pale juu, kanzu imerowa matope, akaimba ule mwisho wa wimbo wa Adélaïde, na akafika kwenye noti ndefu, akaishika. Kwa kuwa ni Sami, alikuwa na uhakika ataishika mpaka isikike ng'ambo ya mashamba. Lakini hakuwa amelala wala kula. Pumzi ile aliyoisifia mji mzima ikamwishia katikati, na Sami akakata.

Noti haikukata.

Mtu alikuwa ameipokea, palepale, kutoka ndani ya mpunga. Sami alisimama mdomo wazi, kisha akavuta pumzi haraka, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuimba kwaya, akarudi kwenye noti. Yule wa kwenye mpunga akamwachia, akavuta naye, akarudi. Ikaongezeka sauti ya mwanamke mzee upande wa kushoto, kisha nyingine kule mbali, kisha nyingine, na kundi kubwa la ndege wadogo likaruka kutoka kwenye mashuke likaenda zake.

Bonfils alitokea mpungani, suruali ya wizarani imekunjwa juu ya magoti, matope mpaka usoni. Sami alishuka tuta kwa makalio, akamkumbatia akamminya mbavu.

"We ni muzima? Sema, we ni muzima?"

"Ni muzima, Kaka Sami. Mama naye ni muzima. Mulango tu ndio uliungua." Bonfils alicheka. "Nilisikia sauti, nikasema huyu ni Sami. Ukakata, nikasema aa, basi si Sami, Sami hakatagi!"

"Alhamdulillahi," Sami akasema, akacheka na kulia pamoja, hakujua kipi kimeanza. "Alhamdulillahi. Sema unavyotaka. Mi nilikuwa nimeshakuzika."

Mama yake Bonfils, Mama Daphrose, alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Sami alimwamkia kwa kuinama, na aliposimama aliuliza, "Sasa mnafanya nini humu, na vita?"

"Ndege hawajui vita," Mama Daphrose akamjibu. "Mupunga ukiuacha bila kuamia, ndege wanamaliza wote, unabaki na majani. Kwa hiyo tumejificha, na tunaamia."

Kuamia kwao, yaani kufukuza ndege shambani, kulikuwa hivi. Kila mtu anasimama kwenye shamba lake na kupaza sauti, tangu utotoni, na sauti isikatike, kwani ikikatika tu ndege wanatua. Ukisikia pumzi ya jirani inakaribia kwisha, unaipokea. Ukijua jirani anazo, ndipo unavuta zako. Bonfils alikuwa amesimama humo tangu ana miaka ya kuhesabiwa kwa vidole, na ndiyo sababu hakuwa na alama ya penseli.

"Mbona hukusema?" Sami alimwuliza.

"Niseme vipi? Astère na mapadri, we na babu yako na jora. Mi nisimame niseme nilifundishwa na ndege?"

Sami alimshika mkono, wenye matope vilevile. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilisema neno baya, na lilikaribia kukuua."

"Yameisha, Kaka. Vyura wenyewe wamekusamehe," Bonfils akasema, na Mama Daphrose, ambaye hakuwa amesikia habari ya vyura, akacheka tu kwa kuwa wao wanacheka.

Jumapili mchana, katika ukumbi mmoja wa Kinindo uliojaa mpaka mlangoni, Bonfils alisimama akasema alijifunzia kuimba Buterere, kwa kuamia mpunga, na mwalimu wake yuko pale mstari wa tatu. Watu waligeuka kumtazama Mama Daphrose, aliyekaa karibu na Nura, amevaa kitenge kipya cha dukani. Shamba lake lilikuwa mikononi mwa majirani siku ile. Sami alipiga makofi mpaka viganja vikamwuma.

Wakaimba. Wakafika kwenye noti ile. Sami, aliyekuwa ameapa kwa Mungu atavuta pumzi kama binadamu wengine, akavuta. Kumbe Bonfils, kwa kumzoea Sami wa siku zote, alijua Sami hatavuta, akavuta naye wakati uleule! Akabaki Astère peke yake, na karatasi yake, na alama yake ya penseli ilikuwa mbali mno. Macho yakamtoka. Sauti ikaanza kumtetemeka, ikanyong'onyea, na mikono ya Adélaïde ikaganda hewani.

Hapo sauti ya mwanamke mzee, nyembamba na iliyonyooka, ikatoka mstari wa tatu ikaipokea noti, ikaibeba mpaka wanaume wote watatu wakarudi, kisha ikajiondoa taratibu, hata waliokaa nyuma hawakujua imetoka wapi. Noti ikafika mwisho wake, ikalala. Hakuna aliyekohoa.

Makofi yalipolipuka, Nura alimgeukia Mama Daphrose kwa mshangao, machozi yakimtoka.

"Mama, umefanya nini?"

Mama Daphrose aliweka kitenge chake vizuri begani. "Sasa ningefanyaje, mwanangu?" alisema. "Wangetua."